Njaa ya Ulaya na Wageni wa Thogoto

Wazee wa zamani hawakuhesabu miaka kwa tarakimu. Mwaka waliupa jina la jambo kubwa lililowapata watu ndani yake, na jina hilo likakaa katika ndimi za vizazi kama kovu likaavyo katika gome la mti. Mwaka wa nzige ulijulikana kwa nzige, mwaka wa ndui kwa ndui, na rika la vijana waliotahiriwa katika mwaka huo lilichukua jina lilo hilo mpaka uzeeni. Kwa hiyo majina ya miaka ni kitabu cha historia, na msomaji mwenye subira aweza kukifungua na kujifunza mengi.

Njaa kubwa iliyoangamiza watu katika nchi ya Kenya kati ya mwaka 1898 na 1900 ilipewa majina mengi. Wakamba waliiita Yua ya Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Wakikuyu wa upande wa kusini waliiita Ng'aragu ya Ruraya. Ng'aragu maana yake ni njaa, na Ruraya ni neno lile lile ambalo katika Kiswahili tunalitamka Ulaya. Hilo ni jina la kustaajabisha. Mvua haizuiwi na Ulaya, wala nzige hawatumwi kutoka Ulaya. Na tena, katika miezi ile ile ya dhiki, walitoka Ulaya watu waliowalisha wenye njaa na kuwauguza wagonjwa, hata mmoja wao akafa katika kazi hiyo. Imekuwaje basi njaa ikaitwa kwa jina lao? Swali hili ndilo nitakalo tulitazame, kwa maana ndani yake mna somo kwa kila kijana anayetamani kwenda mbali kuwasaidia watu waliopatwa na maafa.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Mtu akisimama leo katikati ya jiji la Nairobi, karibu na stesheni ya gari la moshi, kisha akashika njia ya magharibi kwa barabara ya Waiyaki, atapita Westlands, Kangemi na Uthiru kabla ya kufika Kikuyu. Akishika barabara ya Ngong, atafika Dagoretti, na kutoka huko Thogoto si mbali. Njia zote mbili sasa zimejaa nyumba, maduka na magari. Lakini katika mwaka 1898 mahali pa jiji palikuwa uwanda wa majimaji, na Wamasai waliuita mto wake Enkare Nyirobi, yaani maji ya baridi. Hapakuwa na mji wala soko. Mbele yake, upande wa magharibi, ulikuwapo msitu, na baada ya msitu yalianza mashamba ya Wakikuyu: maharagwe, mtama, viazi vitamu, ndizi na miwa, yaliyopandwa katika udongo mwekundu wa Kabete na Dagoretti.

Mashamba hayo yalikuwa na sifa iliyofika pwani. Misafara iliyotoka Mombasa kwenda Uganda ilipita katika nchi kavu kwa siku nyingi, na wapagazi walipofika Dagoretti walijua kwamba hapo watashiba. Mwezi wa Oktoba mwaka 1890 Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki, alijenga boma Dagoretti baada ya kufanya undugu na Waiyaki wa Hinga, mtu mkuu wa mahali pale. Undugu huo haukudumu. Watu wa Kampuni walichukua vyakula na kuwasumbua wenyeji, vita vikazuka, na boma jingine likajengwa karibu, likaitwa Fort Smith. Katika mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa na kupelekwa pwani kama mfungwa, lakini hakufika. Alifia njiani, Kibwezi. Naomba msomaji alikumbuke jina la Kibwezi, kwa sababu wageni wa Thogoto walitoka huko.

Sasa tuitazame njaa. Maafa makubwa aghalabu hayaji peke yake, bali hushikana mikono kama wachezaji wa ngoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliwaua ng'ombe katika Afrika ya Mashariki yote, na Wamasai waliotegemea mifugo wakawa maskini kwa muda mfupi. Baadaye mvua zilipungua, zikakosa, zikakosa tena. Nzige walikula kilichomea. Mahali pengine watu walikula mbegu, na ale mbegu amekula mavuno ya mwaka ujao. Kisha ikaja ndui. Mwili uliodhoofika kwa njaa hauna nguvu za kupigana na ugonjwa, na watu waliokuwa wakitangatanga kutafuta chakula waliuchukua ugonjwa kutoka kijiji hata kijiji. Hapakuwa na hesabu ya watu katika siku zile, kwa hiyo waliokufa hawakuandikwa popote. Lakini wote walioyaona mambo hayo walisimulia juu ya vijiji vilivyobaki bila moshi jikoni, na fisi waliotembea mchana bila kuogopa.

Katika hayo yote, Ulaya iko wapi? Sikiliza. Tangu mwaka 1896 reli ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa, na mwishoni mwa mwezi wa Mei mwaka 1899 ilifika Nairobi. Kazi hiyo iliwaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi katika muda wote wa ujenzi, pamoja na wapagazi, askari na wafanyi biashara. Vibarua walilishwa zaidi kwa mchele ulioletwa kwa meli, lakini wapagazi na askari walihitaji nafaka, maharagwe na nyama za nchi. Mkulima aliyezoea kuuza masalio tu alivutwa na ushanga, nguo na waya kuuza sehemu ya akiba. Ghala ilipungua kabla ya mvua kukosa. Tena watu wengi wakitembea katika njia moja, magonjwa pia hutembea katika njia hiyo. Kwa hiyo mzee wa Kikuyu aliyeiita njaa hii Njaa ya Ulaya hakuwa mjinga wa mambo ya mawingu. Aliona kwamba mvua ilikosa zamani pia, na watu hawakufa kwa wingi namna ile. Jambo jipya katika nchi lilikuwa wageni, naye akaandika jina lao juu ya mwaka.

Mtu asidhani kwamba wenyeji walikaa wakingoja kuokolewa. Msaada wa kwanza katika njaa ile ulitoka kwa waliopatwa nayo wenyewe. Wakamba walikwenda kwa Wakikuyu, na Wakikuyu wa Kiambu wakarudi Murang'a walikokuwa na jamaa za asili. Wengine walipanda hata miteremko ya Mlima Kenya ambako mvua haikukoma kabisa. Watu walifanya mikataba ya undugu na jirani wa kabila jingine. Wengine waliwaweka wake na watoto katika nyumba za wenye chakula, ili waishi huko mpaka neema irudi na jamaa zao waje kuwakomboa. Ni mkataba mchungu, na si wote waliokombolewa. Lakini wengi wanaoishi leo ni wajukuu na vitukuu wa watoto waliopona kwa njia hiyo. Anayekwenda kuwasaidia watu wa nchi nyingine na alijue hili kabla ya kufunga mzigo wake: atawakuta wamekwisha anza kujisaidia, na kazi yake ya kwanza ni kuuliza wameanza namna gani.

Sasa twende Kibwezi. Katika mwaka 1891 Dakta James Stewart, aliyekuwa na sifa kwa kazi ya elimu huko Lovedale katika Afrika ya Kusini, aliongoza kundi la wamisionari Waskochi mpaka Kibwezi, wakafungua misheni. Mahali palikuwa pa homa ya malaria, na wageni hawakuizoea. Mmoja baada ya mwingine walikufa au walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa. Katika mwaka 1898 waliobaki waliamua kuihamishia misheni nchi ya juu, yenye baridi, wakaja Dagoretti, kisha wakatulia mahali palipo karibu nayo. Wakikuyu waliwaita kwa jina la taifa lao, Scots, wakalitamka kwa namna ya lugha yao, na mahali pale pakaitwa Thogoto mpaka leo.

Kiongozi wa misheni alikuwa Thomas Watson. Waskochi walikuja kuhubiri na kufundisha, lakini njaa iliwatangulia. Mtu aliyelala chini kwa njaa hasikii mahubiri. Watson aliacha mengine akaanza kazi ya uji. Katika mwaka 1899 akaja Minnie Cumming, binti wa mji wa Dundee, wakaoana mwaka huo huo. Bibi harusi aliyetazamia shule na bustani alikuta kambi ya wenye njaa na wagonjwa wa ndui.

Ni vema vijana wajue kazi hiyo ina nini, kwa maana wengi hudhani kulisha wenye njaa ni kugawa tu. Mtu aliyekosa chakula siku nyingi akipewa chakula kizito ghafula aweza kufa mbele ya mkono uliompa. Huanzishwa kwa uji mwepesi, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, mpaka tumbo lijifunze tena kazi yake. Mwenye ndui hutengwa na wazima. Maji hutekwa, kuni hukatwa, vyungu huoshwa, maiti huondolewa, na kesho yake kazi huanza tena. Haina ngoma wala vigelegele. Humchosha mtu, na mwili uliochoka hufunguliwa mlango na ugonjwa. Mwishoni mwa mwaka 1900 Thomas Watson alishikwa na homa ya mapafu, akafa. Ndoa yao ilikuwa na umri wa mwaka mmoja.

Watu wa Kanisa huko Scotland wangemwelewa mjane kama angepanda gari la moshi kwenda Mombasa na meli kwenda kwao. Hakwenda. Alibaki akaiangalia misheni, akawafundisha watoto, na miongoni mwao walikuwamo waliofiwa na wazazi wao katika njaa. Katika mwaka 1901 akaja David Clement Scott, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Blantyre katika nchi ya Nyasa, ambayo siku hizi huitwa Malawi. Scott alifariki mwaka 1907, na wengine wakaja baada yake. Bibi Watson akawapokea wote. Alikaa mpaka mwaka 1931. Alifariki kwao mwaka 1949, na majivu ya mwili wake yakaletwa Thogoto, yakazikwa alipozikwa mumewe.

Hawakuwa peke yao. Katika mwaka huo wa 1899, reli ilipofika Nairobi, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Mtakatifu Agostino upande wa magharibi wa mji, penye kanisa la St Austin's huko Lavington. Katika mwaka 1900 wamisionari wa Kanisa la Kiingereza walianza kazi Kabete. Serikali nayo iligawa chakula, na reli ikaleta mchele kutoka pwani. Hapo pana jambo la kutafakari. Mchele huo ulitoka Bara Hindi, nchi ambayo yenyewe ilipatwa na njaa kubwa katika miaka ya 1896 na 1897, na tena katika 1899 na 1900. Gari la moshi lile lile lililosaidia kuimaliza akiba ya nchi ndilo lililoleta nafaka ya kuwaokoa waliobaki. Mambo ya dunia hayagawanyiki kama nazi, upande huu wema na upande huu ubaya. Mara nyingi hukaa pamoja katika chombo kimoja.

Mvua zilirudi, na waliopona wakaanza kulima. Historia nyingi za maafa huishia hapo, nazo hukosea kuishia hapo. Maafa yana siku ya pili, nayo aghalabu ndiyo ndefu.

Katika Kiambu na Kabete mashamba mengi yalikuwa yamelala. Wenyewe wamekufa, au wako Murang'a wakingoja kurudi. Kwa desturi ya Wakikuyu ardhi ilikuwa ya mbari, yaani ukoo, iitwayo githaka. Na mbari nyingi za Kiambu zilisema kwamba zilinunua ardhi yao kwa mbuzi kutoka kwa wawindaji wa msituni. Shamba lililolala si shamba lisilo mwenyewe, kama vile nyumba ambayo mwenyewe yuko safarini si nyumba ya yeyote apitaye. Lakini maofisa walitazama magugu wakaona nchi tupu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliipa Serikali uwezo wa kuwagawia walowezi ardhi, na katika miaka iliyofuata sehemu za Kiambu, Kabete na Limuru ziligawiwa. Waliorudi kutoka Murang'a walikuta mipaka mipya, na wengine wakakaa kama wapangaji wa kazi juu ya udongo wa babu zao. Malalamiko hayo yalifikishwa mbele ya Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter kuanzia mwaka 1932, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1934. Wenyeji wengi hawakuridhika, na kidonda hicho kilikuwa miongoni mwa sababu za vita vya Mau Mau. Misheni nazo zilipewa ardhi katika siku hizo, na baadhi ya waliokuwa wakishukuru kwa uji walianza kuuliza juu ya shamba.

Swali hilo si utovu wa shukrani. Mtu aweza kumshukuru aliyemtoa mtoni, na bado akadai nguo zake zilizobaki ukingoni. Wala dai la nguo halifuti tendo la kumtoa mtoni. Watson alikufa kwa ajili ya watu wasio ndugu zake, na hilo ni kweli. Dola iliyomletea Watson njia ndiyo iliyochukua ardhi ya waliopona, na hilo pia ni kweli. Mwanafunzi wa historia asiyeweza kushika kweli mbili katika mikono miwili hajahitimu.

Tazama pia jinsi msaada ulivyokua. Kutoka katika kambi ya uji na darasa dogo la watoto, Thogoto ilipata hospitali, na baadaye chuo cha kufundishia walimu. Kijana mmoja aliyeingia misheni hiyo mwaka 1909, akabatizwa mwaka 1914 kwa jina la Johnstone, alijulikana baadaye kwa jina la Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya. Katika mwaka 1926 misheni kadhaa za Kiprotestanti zilishirikiana kufungua shule ya Alliance karibu na hapo. Lakini mwaka 1929 ugomvi mkubwa ulizuka kati ya misheni na Wakikuyu juu ya desturi ya kutahiri wasichana, ambayo misheni iliipinga. Leo sheria ya Kenya inaikataza desturi hiyo. Wakati ule, hata hivyo, watu wengi waliona kwamba wageni wanawaamuru kama watoto, wakatoka makanisani, wakajenga shule zao wenyewe kwa michango yao. Shule hizo zilihitaji walimu, na mwaka 1939 chuo cha ualimu kilifunguliwa Githunguri chini ya Mbiyu Koinange. Serikali ilikifunga mwaka 1952, lakini watu walikuwa wamekwisha onyesha kwamba aliyefundishwa kusoma ataandika yake mwenyewe.

Kwa nini nayaeleza haya kwa vijana wa leo? Kwa sababu zamu imegeuka. Katika makanisa ya Nairobi, na misikitini pia, mafuriko au ukame ukitokea katika wilaya nyingine au nchi jirani, vijana hukusanya nguo, unga na dawa, hupanda basi wakaenda kuwatumikia watu wasiowajua. Ni jambo zuri, na sina neno la kulipunguza. Lakini anayekwenda sasa ni mgeni kama Watson alivyokuwa mgeni, na historia ya Thogoto inampa maswali ya kuchukua pamoja na mzigo wake. Wenyeji wameanza kujisaidia vipi kabla yangu? Njia iliyonileta mimi imeleta nini kingine? Nitakaa muda gani: mpaka picha ipigwe, au mpaka mtoto ajue kusoma? Na maji yakishuka au mvua ikirudi, ardhi itakuwa mikononi mwa nani?

La mwisho ndilo gumu, na ndilo lisiloulizwa. Siku ya janga macho ya watu wote hutazama chungu cha uji. Wachache hutazama mpaka wa shamba. Mwenye njaa hana nguvu za kulinda mambo mawili kwa wakati mmoja. Atachagua mtoto wake ale, na hapo ndipo shamba huondoka. Msaada uliokamilika hulisha mtoto, na tena humlindia mzazi shamba mpaka apate nguvu za kusimama juu yake.

Wazee walilijua hilo bila shule. Waliupa mwaka ule jina ambalo halikumtukana Watson wala halikumsamehe aliyechukua ardhi. Walisema tu, Njaa ya Ulaya, wakatuachia sisi kazi ya kupambanua. Anayesafiri sasa kutoka katikati ya Nairobi mpaka Thogoto aweza kuzuru kaburi la Watson na mkewe, na katika safari hiyo hiyo akapita juu ya mashamba yaliyogawiwa wenyewe wakiwa Murang'a. Na avisome vyote viwili, asiruke kimoja.